Vidanji Kwenye Msingi wa Chumba cha Mama Mkwe

Jumatatu mpaka Ijumaa naendesha gari ya watu. Kinindo, mjini, mjini, Kinindo, madirisha yamefungwa, ubaridi unapuliza, bosi yuko nyuma na simu sikioni. Jumamosi ni yangu, na kwa umri huu sitaki makuu: nataka kulala mpaka jua lenyewe linitoe kitandani. Lakini Jumamosi ninayoisimulia niliamka nimechoka kuliko nilivyolala, nikavaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu, vifungo mpaka shingoni, kama mtu anayekwenda kusimamia ndoa, nikatoka uani kwangu Gasenyi kufanya vidanji, yaani kubadilisha mafuta ya giaboksi na ya ponti. Ponti ni lile bonge la chuma la katikati ya ekseli ya nyuma. Watanzania wanaliita difu. Ukivaa hivyo kwa kazi ile, kwenye joto lile, watu watasema umerukwa na akili. Lakini sikuvaa kwa ajili ya kazi. Nilivaa kwa ajili ya mama mkwe, aliyekuwa akikaa kwetu.

Kesho yake alfajiri nilikuwa nimpeleke kwao, ng'ambo ya mpaka, mbele ya Uvira. Alikuwa amesema anataka kurudi, na yeye akisema jambo hasemi mara ya pili. Anakaa kimya mpaka kile kimya kiwashinde nyinyi. Mke wangu alilia, akamwomba, akamletea mchungaji. Wapi! Mpaka ulikuwa umefungwa, ukafunguliwa, tukasikia huenda utafungwa tena, kwa hiyo tukapanga Jumapili kabla mambo hayajageuka. Mimi sikutia neno. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hana maoni. Kuna siku nilijisemea moyoni, afadhali aende, nyumba ipumue.

Wasio wa kwetu wakiona tunavyoishi na mama wakwe wanadhani ni chuki. Siyo. Kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali sahani moja, hawatazamani usoni, wala hawasemezani moja kwa moja kama kuna mtu wa kupitishia neno. Ukitaka kumpa kitu unakiweka chini, unarudi nyuma, naye anakuja kukichukua. Mkwe haonyeshi kifua mbele ya mama mkwe, haonyeshi magoti, halali chini yeye akiwa amesimama. Kumgusa ndiyo usiseme kabisa. Ni heshima, maana yeye ndiye aliyekuzalia mke, na mtu aliyekupa kitu kama hicho humzoei kama unavyomzoea jirani.

Na heshima hiyo inataka chumba. Mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake. Anajengewa pembeni, na mlango wake mwenyewe. Alipotufikia, mto ulipokuwa umebeba nyumba yake kule, na yeye amebeba mfuko mmoja tu, nilichimba msingi kwa mikono yangu, nyuma ya jikoni. Nilichimba kwa hamu kweli. Halafu simenti ikapotea mjini, ikarudi kwa bei ya kumchekesha maiti, ikapotea tena, na msingi ukabaki shimo. Mvua zinaujaza, vyura wanahamia, kiangazi kinawafukuza. Mama tukamweka chumba cha nyuma, cha watoto ambao walishaondoka, kwa sababu kina mlango wa uani, tukajidanganya kwamba ile ni nyumba nyingine.

Tukaishi kwa kukohoa. Nikitaka kuingia sebuleni nakohoa kwanza, ili kama yupo aondoke. Yeye akitaka kwenda bombani anakohoa, ili kama nipo uani nigeuze uso au niingie ndani. Wageni walikuwa wanatuuliza kama tuna kifua kikuu nyumba nzima. Niliporudi kazini jioni, miguu imevimba kwa kukanyaga breki za foleni, hata kabla sijavua viatu lazima nikohoe, nisubiri, nisikie nyayo zake zikienda zake, ndipo nikae kwenye kiti changu mwenyewe. Utaniambia hilo si jambo kubwa. Lifanye kila siku uone.

Halafu akaanguka. Ilikuwa asubuhi, mke wangu ameenda sokoni, mimi niko mlangoni nafunga kamba za viatu. Nilisikia ndoo ikidunda, kisha kishindo kingine kisichokuwa cha ndoo. Nilipotokeza kichwa, mama mkwe alikuwa chini bombani, kwenye saruji yenye utelezi, kitenge kimemtoka vibaya. Nikageuza uso haraka. Nikakohoa. Hebu fikiria: mtu ameanguka, mimi nakohoa! Nikapiga hatua kwenda, nikarudi, nikapiga tena, nikarudi. Mwishowe nikatoka mbio kutafuta mwanamke wa kumwinua. Jirani anayeuza makaa hakuwepo, geti la pili limefungwa, mpaka nikapata wawili wanaosuka nywele kule kwenye kona. Tuliporudi alikuwa amejikokota mwenyewe mpaka ukutani, ameketi, ameloa, anatazama chini. Hakuna mfupa uliovunjika, Mungu saidia. Jioni ile ile ndiyo alimwambia binti yake anataka kurudi kwao.

Nyumbani hakuna aliyeuliza kwa nini. Tulidhani tunajua. Mke wangu hakunilaumu hata kwa jicho, kwa sababu naye ni wa kwetu, anajua nilivyofungwa. Angenilaumu kidogo ningepata pa kujitetea.

Basi, gari. Gari yangu ni kizee cha Kijapani, cha injini mbele na tairi za nyuma ndizo zinazosukuma. Ilikuwa inalia. Gia ya tatu ilikuwa haiingii mpaka uibembeleze, na kule nyuma kwenye ponti kulikuwa na mlio kama wa mtu anayesaga mahindi makavu. Njia ya kwenda kwa mama mkwe, ukishapita Uvira, ni mawe na milima. Nikampitia fundi wangu Buyenzi, Mwislamu wa pale pale, baba yake fundi, babu yake fundi. Alitega sikio, akachovya kidole kwenye mafuta ya zamani ya giaboksi, akayasugua, akanusa, akakunja uso.

"Wallahi," akasema, "na mafuta hii, mulima wa kwanza tu utanipigia simu ya kilio."

Angenibadilishia mwenyewe, lakini uwanja wake ulikuwa umejaa magari yaliyolala yakisubiri petroli, hakuna hata pa kupitisha mbuzi. Tena petroli iliyokuwa kwenye tangi langu nilikuwa nimeipata kwa jasho, baada ya foleni ambayo sitaki hata kuikumbuka, na ilikuwa ya kufika kwa mama na kurudi. Sikutaka kuichezea kwa kurudi tena Buyenzi kubahatisha nafasi. Akanijazia mafuta mapya ya gia kwenye chupa za maji, akanipa mpira mrefu mwembamba, akanipa na mawaidha.

"Ufungue kwanza bolti ya kujazia. Unasikia? Ya kujazia kwanza. Ukimwaga mbele, halafu ile ya kujazia ikakatala, utabaki na buate kavu mpaka siku ya kiama." Buate ndiyo giaboksi yenyewe, kwa Kifaransa chetu cha Buyenzi. "Na utafute mutu wa kumimina. Tundu iko pembeni, mukono haifikishe chupa. Mumoja anamimina juu na mupira, mumoja anakaa chini, anaangalia. Mafuta ikianza kurudi, anapiga kelele: basi. Hii si kazi ya mutu mumoja."

"Nina bibi yangu," nikamwambia, maana huku kwetu mke ndiye bibi.

"Bibi ni muzuri. Bibi amezoea kukuambia basi."

Kriki ya kuinulia gari ninayo, lakini siiamini, na mtu wa familia haingii chini ya gari kwa imani. Nikautazama uwanja wangu, nikaona shimo. Ule msingi ulikuwa mkavu, upana wa mtu, kina cha kuchuchumaa. Nikaisogeza gari polepole, tairi za kushoto huku, za kulia kule, msingi katikati. Ilikaa sawasawa kabisa, kama shimo lilichimbwa kwa ajili yake. Niliona aibu kidogo, sikatai. Chumba cha mama mkwe nakigeuza gereji, tena ya kutengenezea gari ya kumwondoa. Lakini ndiyo hivyo, nikaingia.

Mke wangu alikuwa ameenda kwenye harusi ya mwanakwaya mwenzake, Kanyosha, upande mwingine kabisa wa mji. Aliahidi kwamba wakishatoka kanisani tu anarudi, hali hata wali. Nikasema sawa, mimi nifungue na kumwaga, akifika tumimine. Majirani wanaume wote walikuwa kwenye foleni ya mafuta, wanawake wako sokoni, mtaa mzima umebaki na kuku na mbwa waliolala.

Nilianza na ponti. Bolti ya kujazia haikutaka hata kunisikia. Nikaigonga, nikaitia mafuta ya kulainisha, nikaisubiri, nikaitukana kimoyomoyo kwa sababu mama mkwe alikuwa anachambua mboga kwenye kizingiti chake na kutukana kwa sauti ni kosa lingine. Nikachomeka bomba la chuma kwenye mpini wa spana ili upate urefu, nikauning'inia kwa uzito wangu wote, na mgongo wangu ukalia kabla ya bolti. Halafu ikaachia, taratibu, na kelele ya mlango wa kanisa. Nikapumzika nimeegemea udongo. Jasho lilikuwa limelowesha lile shati la heshima mpaka likanikaba.

Ya kumwagia ikafunguka kwa urahisi. Yakatoka mafuta meusi, mazito, yenye harufu ya yai lililoharibika, na kwenye ncha ya bolti, pale penye sumaku, chembe za chuma zilikuwa zimesimama kama ndevu. Nikasema loo! Gari imekuwa inajila yenyewe kilomita zote hizi na mimi naongeza sauti ya redio. Nikazifuta. Kisha nikatambaa mbele, giaboksi nayo nikafanya hivyo hivyo, ya kujazia kwanza kama nilivyofundishwa, na hiyo ikatii. Yale mafuta ya zamani niliyakusanya kwenye beseni, maana hayatupwi. Tunapaka nguzo za uzio, mchwa hawazigusi.

Ponti nilijaribu kuijaza peke yangu. Nilikuwa na kiburi bado. Nilifunga faneli, yaani kichwa cha chupa kilichokatwa, juu ya mpira, nikaining'iniza kwenye buti, nikamimina, nikaruka shimoni kutazama, nikatoka, nikamimina, nikaruka tena. Mzee mzima, na suruali ya kitambaa! Ilijaa, lakini mafuta mengi yalinywewa na udongo kwa sababu kila nilipofika chini nilikuwa nimechelewa. Nikazitazama chupa zilizobaki. Zilikuwa za kutosha giaboksi, na hakuna ya kuchezea. Nikakaa kwenye ukingo wa shimo kumsubiri mke wangu.

Simu ikalia.

"Baba watoto, nimekwama," akasema. Nyuma yake kulikuwa na vigelegele na muziki. "Bisi hakuna kabisa. Watu wamejaa barabarani mpaka wanapigana. Moto wanakataa kufika huko kwetu, wanasema mafuta haiwatoshe kurudi." Moto ni zile pikipiki za abiria.

"Na mimi nimeshamwaga."

"Umemwaga yote?"

"Yote."

Akasema nijaribu kumpata jirani. Nikamwambia majirani wako kwenye foleni. Akasema atajaribu kwa miguu, lakini Kanyosha mpaka Gasenyi na viatu vya harusi, angefika gizani. Simu ikakatika. Nikabaki pale na gari tupu tumboni, mpaka uko wazi leo na kesho Mungu ndiye ajuaye. Uchovu ukanishika mpaka kwenye meno. Nikafikiri, nikiiacha hivi, kesho hatuendi. Na ukinipa wakati ule nichague kati ya kufa na kuendelea, ningeomba kwanza nilale.

Hapo nikasikia kikohozi.

Sikuinua uso. Mama mkwe alikuwa na kuku wake mmoja, tetea wa kijivu, anayemfuata kila anakokwenda na kulala mlangoni pake. Na kwetu, kama hakuna mtu wa kupitishia neno, unapitishia kwa chochote: kwa mtoto mchanga, kwa mti, kwa mnyama.

"We kuku," akasema mama mkwe, "uniulizie mukwe. Ni gari ya namna gani hiyo, unamwanga damu yake yote, halafu unaikalia matanga?"

Licha ya yote nikacheka kidogo. Nikakohoa.

"Kuku, mwambie mama, mtu wa kumimina hajafika. Bibi yuko Kanyosha, bisi hakuna."

Kuku alikuwa anadonoa maganda ya mboga.

"Uulize mukwe: kumimina njo kazi ya nguvu?"

"Mwambie hapana. Ni kazi ya watu wawili tu. Mmoja juu, mmoja chini."

Nikasikia sufuria ikiwekwa chini.

"We kuku, umwambie mi niko na mikono mbili."

Ee Mungu wangu. Nilifikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiria nikiwa kazini. Mama mkwe kushika chupa za gereji! Na mimi niwe chini, yeye juu amesimama? Lakini shimoni sikuwa nimelala, nilikuwa nachuchumaa, na kuchuchumaa hakukatazwi. Boneti ikiwa wazi itamficha uso. Kati yetu kutakuwa na injini, giaboksi na mabati yote ya gari; ukuta gani tena unataka zaidi ya huo? Nikajihukumu mwenyewe, nikajiachilia huru. Nikafungua boneti, nikapitisha mpira pembeni mwa injini mpaka chini, nikafunga faneli vizuri na waya, nikapanga chupa chini kwenye kivuli, nikarudi nyuma, nikakohoa, nikaingia shimoni kwa upande wa nyuma kama panya.

"Kuku, mwambie mama amimine polepole. Faneli isijae. Nitasema basi."

Nyayo zikaja. Sikuona hata kidole chake. Niliona tu pindo la kitenge kati ya tairi mbili, nikageuza macho, nikakamata ncha ya mpira na kuitia kwenye tundu la giaboksi.

Mafuta ya gia hayana haraka. Yanashuka kama uji wa mgonjwa. Nilishika mpira, nikausikia unavyojaa na kuwa mzito mkononi, na juu alikuwa anapumua kwa shida kidogo, pumzi ya mwanamke mzee anayesimama muda mrefu. Tulikaa hivyo. Kwa miaka yote tuliyoishi pamoja hatukuwahi kukaa karibu hivyo, wala kufanya kazi moja.

"Inanuka," akasema.

"Kuku, mwambie mama ndivyo ilivyo. Hata mpya inanuka."

"Mmh. Kama yai ya mwaka jana."

Akamimina. Chupa ya kwanza ikaisha, nikaisikia ikiwekwa chini, akachukua nyingine. Nilidhani tumemaliza kusema. Kisha sauti yake ikashuka kupitia injini, si ya mzaha tena.

"Mukwe anajua sababu gani mi naenda?"

"Kuku, mwambie mama, tunajua. Ni ile siku ya bombani."

"Kumbe hamujui kitu."

Mafuta yaliendelea kushuka. Nilitaka kujifanya sikusikia, lakini ndani ya shimo hakuna pa kwenda.

"Ile siku mi nilikuwa chini," akasema, "nilikuwa naona viatu yako. Uso sikuona, viatu niliona. Inaenda mbele, inarudi nyuma. Mbele, nyuma. Kamba moja haijafungwa. Nikasema, maskini, mutoto ya watu. Angekuwa ni mutoto wangu wa kuzaa, angenibeba, mambo ingeisha. Huyu heshima imemufunga kama mbuzi. Mi sikukasirika, wewe. Mi nilikuonea huruma mpaka nikasahau kiuno yangu."

Baadaye ndipo niligundua kwamba hakusema kuku. Alisema wewe. Wakati ule sikugundua chochote, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kuniwasha na mikono yangu yote miwili ina mafuta, siwezi kujifuta.

"Nitaanguka tena," akasema. "Hii mifupa imechoka. Siku ingine bibi yako hayuko, majirani hawako, kama leo. Sasa utafanya nini? Ukinishika, utakaa na haya mpaka ufe. Ukiniacha, utakaa na zambi mpaka ufe. Mi nimefikiri sana. Nikaona bora niende niangukie kule, kwenye mutu anaweza kuniokota."

"Kuku," nikasema, "muulize mama, kule kuna nani? Nyumba si ilibebwa na maji?"

"Iko mutoto ya dada yangu. Hana kitu, hata mulango nasikia ni turubai. Lakini anaruhusiwa kunigusa."

Nililia. Nasema wazi, nililia mle shimoni, mtu mzima, na shati la vifungo mpaka shingoni. Siku zote hizo nilidhani anatukimbia kwa sababu nilimwacha chini. Kumbe alikuwa anakimbia kwa ajili yangu mimi. Ananitua mzigo kabla haujaniangukia. Nikafikiria kuhusu yule mtoto wa dada na turubai lake, na mvua za kule, na huyu bibi kizee anayepima mambo yangu ya kesho huku mimi napima simenti. Hasira zilinipanda, sijui kwa nani. Kwa mto, kwa simenti, kwa mpaka, kwa babu zetu waliopanga haya yote wakiwa na vyumba vya kutosha.

"Kuku," nikasema, "muulize mama: na yeye mwenyewe, moyo wake, anataka kwenda?"

Mafuta yalishuka.

"Kuku ameenda zake," akasema mama mkwe.

Nikatazama kati ya tairi. Kweli, kuku alikuwa mbali, kule kwenye uzio, anachakura udongo wake. Hapakuwa na mtu wa kupitishia neno, wala mnyama, wala mtoto. Ulimi wangu haukuwahi kumwambia yule mwanamke neno hata moja la moja kwa moja, tangu siku nilipopeleka mahari.

Alijibu bila kuulizwa tena, na hakujibu nilichouliza.

"Asubuhi," akasema, "mbele ya jua, unakohoaka pale sebuleni. Mi nakuwa niko macho zamani. Nikisikia ile kikohozi yako, najua kumekucha, na watu wako wazima. Kule sijui nitajuaka na nini."

Chupa ya mwisho aliichukua polepole. Nilisikia shingo yake ikigonga faneli. Nilikuwa nimeshika mpira, kidole changu kwenye mdomo wa tundu kama fundi alivyonifundisha, nikihesabu pumzi zake bila kujua hesabu imefika wapi. Ndipo nikayasikia. Mafuta mapya, ya uvuguvugu wa jua, yalifika kwenye ukingo, yakageuka, yakaanza kurudi nje, juu ya kidole, juu ya kiganja. Yakaingia ndani ya mkono wa shati, yakateremka mpaka kwenye kiwiko. Kazi ilikuwa imekwisha. Nilichobakiza ni kukaza bolti, kulala, na alfajiri kuwasha gari.

"Imejaa?" akauliza juu.

Yalikuwa yakinidondokea kifuani.

"Bado, mama," nikamwambia. "Mimina."